Wote ni sikilidi, mbona wanauana?

Shikamoo Mzee,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, ila nimezaliwa na kukulia Kigoma. Shemeji yangu alipohamishiwa kikazi Dodoma alituachia tangi la samaki la futi nne, pamoja na stendi, filta na taa yake. Mume wangu hakuwa na muda nalo, nikalichukua mimi. Nilitandaza mchanga, nikapanda majani, yale marefu yanayofanana na nyasi na mengine mapana ya kijani. Likapendeza mno, mgeni akiingia sebuleni haangalii tena runinga.

Matatizo yalianza nilipoweka samaki. Nilimwambia muuzaji nataka samaki wa rangi, wapole, wasioharibu majani. Akanipa enjeli wawili, neoni kumi, wanne wa Ziwa Nyasa (wawili njano wenye mistari myeusi, wawili bluu), oska mmoja mdogo kama kidole, na kribensis wawili wenye tumbo jekundu. Nilipouliza kama watapatana alinijibu kwamba karibu wote hawa ni sikilidi, yaani familia moja ya samaki, hawana shida.

Sasa neoni wamebaki wawili. Enjeli mmoja mapezi yamechanika, anajibanza nyuma ya filta na chakula hali. Mmoja wa wale wa njano anafukuza kila mtu. Majani mapana nayakuta yanaelea kila asubuhi. Oska amefika ukubwa wa kiganja. Kribensis wamejichimbia chini ya jiwe, hawataki mwenzao apite.

Mume wangu kasikia kwamba tukiongeza samaki wengi ugomvi utapungua. Jirani ananiambia ning'oe majani yote niweke ya plastiki. Mimi majani siyaachi. Maji tunayotumia ni ya kisima, tunachanganya na ya bomba yakitoka, na humo ndani nimepanga mawe meupe niliyookota ufukweni Kigamboni.

Naomba uniambie ni sikilidi gani wanaweza kukaa pamoja kwa amani kwenye tangi lenye majani. Na je, wapo samaki wa Ziwa Tanganyika ninaoweza kuwafuga bila kupoteza bustani yangu? Natamani wanangu wawaone samaki wa nyumbani.

Mama Wawili, Tabata

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kabla hujamaliza kusoma, tafuta beseni kubwa au ndoo pana, weka maji ya tangi hilohilo na pampu ya hewa, umhamishie humo enjeli aliyechanika mapezi. Funika kwa chandarua asiruke. Samaki anayejificha na kukataa chakula hana muda mrefu, na mbabe wake hatamwonea huruma kwa sababu ameumia. Maji ya beseni huchafuka haraka, kwa hiyo yabadilishe kiasi kila siku mpaka wakorofi waondoke kwenye tangi, ndipo umrudishe.

Sasa tuje kwenye kauli ya muuzaji. Kwamba wengi wa hao ni sikilidi ni kweli, isipokuwa neoni. Kwamba kwa hiyo watapatana, hapo amekupoteza. Wewe ni mtoto wa Kigoma, kuhe unamjua tangu sokoni na mezani. Kuhe ni sikilidi, hupita nusu mita kwa urefu na ni mwindaji wa samaki wenzake. Katika ziwa hilohilo yupo sikilidi mwingine, Neolamprologus multifasciatus, ambaye dume lake halizidi sentimita 5 na maisha yake yote yanazunguka ganda tupu la konokono. Sato na perege nao ni wa jamii hiyo. Tanganyika peke yake ina aina zaidi ya 200 za sikilidi, na karibu zote hazipatikani pengine popote duniani. Kwa hiyo mtu akikwambia samaki fulani ni sikilidi, bado hajakwambia lolote kuhusu tabia yake. Mwulize anatoka maji gani, akikomaa anafikia ukubwa gani, na akitaka kutaga anafanya nini. Ukipata majibu hayo utajua mwenyewe nani akae na nani.

Tukiwapitisha samaki wako hapo, mambo yanakuwa wazi.

Oska, Astronotus ocellatus, ni wa bonde la Amazon. Akitunzwa hufika sentimita 30, huishi miaka zaidi ya kumi, na humeza kila kinachoingia kinywani. Huyo wako wa ukubwa wa kiganja bado ni mtoto. Ana akili na humzoea anayemlisha, ninawapenda sana samaki hawa, lakini wanataka tangi lao kubwa lisilo na bustani. Nikibashiri nani kala neoni zako, yeye ndiye wa kwanza, na enjeli ni wa pili. Enjeli aliyekomaa humwona neoni kama chakula kwa sababu anaenea mdomoni mwake. Si ukatili, ndivyo alivyoumbwa.

Wale wa njano wenye mistari myeusi, kwa maelezo yako, naamini ni Melanochromis auratus. Hao ni mbuna, samaki wa miamba ya Ziwa Nyasa. Kule ziwani hukwangua mwani juu ya mawe na kulinda kipande chao cha mwamba usiku na mchana. Auratus ni katika wakali kabisa wa kundi hilo. Dume likishatawala hubadilika kuwa jeusi lenye mistari ya rangi hafifu, na hapo hata majike wa aina yake hukosa pa kukimbilia. Mbuna pia huchimba mchanga na hutafuna majani laini. Wale wa bluu siwezi kuwataja kwa jina bila kuwaona, kwani Nyasa ina aina nyingi mno za bluu, ila huenda na wao wana desturi za mbuna.

Hapa nimjibu mume wako, maana aliyosikia yana ukweli ndani yake. Wafugaji wa mbuna huwajaza kwa makusudi, ili mkorofi asipate mmoja wa kumwandama na hasira zake zigawanyike kwa wengi. Njia hiyo hufanya kazi kwenye tangi la mawe matupu, lenye filta ya nguvu na ubadilishaji wa maji usiokosekana. Ukiifanya kwenye tangi la majani lenye enjeli utaongeza uchafu na waathirika kwa pamoja. Mwambie asiongeze hata mmoja kwa sasa.

Kribensis, Pelvicachromis pulcher, hao waache. Ni samaki wa mito ya Nigeria na Kamerun, dume hufika kama sentimita 10 na jike ni dogo zaidi. Siku za kawaida ni wapole na hawali majani. Ulichokiona chini ya jiwe ni maandalizi ya kutaga. Tumbo la jike linapoiva wekundu wa zambarau anamwita dume, wanachimba pango, anabandika mayai kwenye dari yake, kisha wote wawili wanalinda. Vifaranga wakitoka huwatembeza tangini kama kuku na wanawe, na hapo humfukuza yeyote anayesogea. Ugomvi huu una mwisho na una mipaka, tofauti na wa auratus. Tafuta kifuu cha nazi, kikate nusu, kitoboe mlango mdogo pembeni, kichemshe mpaka maji yasibadilike rangi sana, ukifunike mchangani upande mmoja wa tangi, mbali na mimea yenye mizizi. Watahamia humo na kuliacha jiwe. Lakini baki na jozi hiyo moja. Jozi mbili kwenye futi nne ni vita.

Enjeli nao, Pterophyllum scalare, wanafaa kwa tangi lenye majani kuliko sikilidi wengi. Kwao Amazon wanaishi kati ya mizizi na majani ya majini, ndiyo maana wamebanwa ubavu vile na wana mistari ya kusimama. Hawachimbi. Hutaga juu ya jani lililosimama, na yale mapana uliyopanda wanayapenda sana kwa kazi hiyo. Wanahitaji kimo, maji ya kina cha sentimita 45 au zaidi, kwa sababu mkubwa mwenye mapezi kamili ni mrefu wa kwenda juu kuliko wa kwenda mbele. Angalia kama wawili wako wanapatana baada ya wakorofi kuondoka. Wakiendelea kusukumana midomo na mmoja akawa anakimbia kila mara, basi hawakuwa jozi, na mmoja itabidi umpe mtu.

Suala la maji ndilo lingeniamulia mimi nani wa kuongeza. Visima vya Dar es Salaam havifanani. Kimoja kina maji magumu ya chokaa, kingine kina chumvi kabisa kwa sababu ya ukaribu na bahari, na hayo mawili si kitu kimoja. Chokaa na madini yake baadhi ya samaki huyapenda, ila chumvi ya mezani haimsaidii samaki wa mto wala majani yako. Onja kwanza. Ukihisi chumvi ulimini, usitumie maji hayo tangini, kusanya ya bomba au ya mvua. Kama hayana chumvi, nunua kipimo cha pH (uchachu wa maji: 7 ni katikati, chini yake ni machachu) na cha ugumu wa maji, yaani wingi wa madini yake, upime ya kisima peke yake, ya bomba peke yake, na ya tangi.

Mawe meupe ya Kigamboni yatoe leo. Hayo ni matumbawe, yanayeyusha chokaa majini taratibu na kupandisha pH bila wewe kujua. Jiwe lolote unalookota, lidondoshee ndimu au siki. Likitoa povu lina chokaa.

Maji ya Amazon ni laini na pH yake huwa chini ya 7. Lakini enjeli na kribensis wanaouzwa mjini kwa kawaida ni kizazi cha kufugwa, wanavumilia pH ya 7 na kidogo juu yake, mradi isiyumbeyumbe. Kuna samaki mzuri sana utakayemwona dukani ukamtamani, Mikrogeophagus ramirezi, wa mbuga za mto Orinoco huko Venezuela na Kolombia. Ana sentimita 5 tu, mpole, rangi zote mwilini, na joto la Dar la digrii 28 linamfaa kweli. Kwa maji yako ya kisima simshauri. Anataka maji laini na safi mno, na ukimweka kwenye magumu hudhoofika polepole. Tena kribensis wako wameshika sakafu, naye ni wa sakafu. Ndugu yake wa Bolivia, Mikrogeophagus altispinosus, ni mgumu zaidi na mkubwa kidogo, ila na yeye namweka kwenye orodha ya siku ambayo kribensis hawapo. Vivyo hivyo Cleithracara maronii wa Guyana, sikilidi mtulivu mwenye alama nyeusi ubavuni, ambaye akitishwa hujificha badala ya kupigana. Ungekuwa unaanza na tangi tupu ningekuanzishia huyo.

Kwa tangi lako lilivyo, sikilidi wake ni enjeli wawili na jozi ya kribensis, basi. Hapo kati weka kundi la samaki wasio sikilidi, wanaoogelea katikati na juu, wakubwa wa kutosha wasimezwe. Nisingerudia neoni. Mbali na kuliwa, hawapendi maji yanayofika digrii 30, na Januari hadi Machi sebule nyingi za Dar zinafika huko. Tetra wa Kongo, Phenacogrammus interruptus, wanapendeza sana wakiwa sita au nane. Wanafika sentimita 8, mapezi yao yana vishada, na hawamsumbui mtu, ingawa wanaweza kudonoa machipukizi laini. Ukiwakosa, chukua moli wakubwa, wanapatikana kirahisi, hawachukii maji magumu na wanakula mwani. Epuka babi wa mistari wale wadogo wa njano na nyeusi, watamng'ata enjeli mapezi. Koridorasi, wale kambare wadogo wa sakafuni, nisingewaweka pia, kwa sababu hupita chini usiku kuokota makombo, na kribensis wenye vifaranga watawapiga sana.

Majani usiyang'oe, wala ya plastiki huyahitaji. Yale ya nyasi, kwa maelezo yako ni Vallisneria, yapande kwa wingi nyuma na katikati mpaka yafanye kama ua. Samaki wanagombana zaidi wakionana kutoka kona moja hadi nyingine. Ukiweka ukuta wa majani na kipande cha gogo katikati, kila mmoja anakuwa na chumba chake, na yule anayefukuzwa anapotea machoni mwa anayemfukuza. Hilo limetuliza matangi mengi kuliko dawa yoyote ya dukani. Yale mapana yanayong'olewa, yapande upya halafu zungushia mizizi yake mawe ya duara yasiyo na chokaa. Na ongeza Anubias, mmea wa Afrika Magharibi wenye majani magumu ambao mchimbaji hana la kuufanya, kwa sababu haupandwi mchangani. Ufunge kwa uzi juu ya gogo au jiwe. Shina lake nene linalolala usilizike, litaoza.

Oska na wale wanne wa Nyasa wape watu wenye matangi yanayowafaa, au umrudishie muuzaji hata kama hatarudisha fedha. Hili nakuomba kwa dhati, usiwamwage Msimbazi wala kwenye bwawa lolote. Sote tunajua sangara alipopandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 kilichowapata furu, ambao nao ni sikilidi. Aina nyingi za furu zilitoweka, na hazitarudi.

Wakishaondoka, usifanye usafi wa kung'arisha kila kitu. Filta ina bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa nitraiti na kisha nitreti isiyo na sumu kali. Ukiosha sifongo yake kwa maji ya bomba yenye klorini unawaua, na samaki wanafuata. Ioshe kwenye ndoo ya maji uliyotoa tangini. Badilisha robo ya maji kila wiki, na ya bomba yakae kwenye pipa wazi usiku na mchana mzima, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Samaki wapya waje kidogo kidogo, tetra kwanza, ukiacha wiki mbili au tatu kati ya kundi na kundi.

Jambo moja la mji wetu, umeme. Usiku majani hayatoi oksijeni, nayo huivuta kama samaki, na maji ya joto hubeba oksijeni kidogo. Umeme ukikatika usiku wa joto, tangi lenye samaki wengi linaweza kufa kabla ya asubuhi. Nunua pampu ndogo ya hewa ya betri uiweke karibu, na umeme ukiwa haupo usiwalishe.

Nimeacha Kigoma mwisho kwa kuwa hili nalifurahia. Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu na pH yake iko karibu na 9, kwa hiyo samaki wake usiwachanganye na enjeli hata wakiwa wapole. Lakini wale wa kwenye maganda niliokutajia wanaweza kuishi familia nzima kwenye tangi la sentimita 60. Nunua dogo la aina hiyo, weka mchanga laini wa kina cha sentimita 5, maganda tupu ya konokono angalau mawili kwa kila samaki, yenye mdomo wa kama sentimita 2, uliyoyachemsha vizuri. Hata ya konokono wa nchi kavu yanafaa. Hapa mawe yako ya Kigamboni yatapata kazi, yaloweke yatoke chumvi kisha yapange nyuma. Watahamisha mchanga kutwa kucha, kila mmoja akizika ganda lake mpaka mdomo tu uonekane, na vifaranga watakua humohumo bila wazazi kuwafukuza. Majani ya nyasi uliyonayo yanaota hata ndani ya Ziwa Tanganyika lenyewe, kwa hiyo chukua machipukizi ya tangi kubwa uyapande kwenye kona yenye mawe, ambako hawatayafukua. Tangi hilo liweke mbali na dirisha, na miezi ya joto elekeza feni ndogo juu ya maji, itashusha digrii mbili au tatu.

Usinunue Tropheus, sikilidi wengine wa Ziwa Tanganyika, hata ukiambiwa ni fahari ya Kigoma, na kweli ni fahari. Ni wagomvi wao kwa wao, wanataka kundi kubwa na tangi refu, na tumbo lao la kula mwani huharibika wakipewa chakula cha nyama. Hao ni wa baadaye sana.

Ukishapima maji ya kisima niandikie ulichopata, ya pH na ya ugumu, pamoja na kimo cha tangi kubwa. Kama pH yake imepita 8 na hayana chumvi, nitakuomba ufikirie upya lipi liwe tangi la enjeli na lipi liwe la Tanganyika.